Tufike Kabla ya Moshi
Hotuba kwa vijana kuhusu haki ya hewa safi

Ndugu zangu, dada zangu, vijana wenzangu. Wengi wenu mnatujua kwa mambo mengine. Mnatujua kwa kesi za vijana waliochukuliwa hawakurudi, kwa vita vya vitambulisho, kwa mabinti wanaozuiwa kuvaa hijabu shuleni. Sasa kuna mtu atauliza: nyinyi na moshi wapi na wapi? Si hayo ni ya wapanda miti?

Swali zuri. Jibu langu ni hili. Anayekunyima kitambulisho na anayemwaga sumu kwenye hewa ya mwanao bila kukuuliza wamekupima kwa mizani moja. Wote wamesema: huyu hana wa kumtetea. Angalieni moshi unapowekwa. Kiwanda cha kuyeyusha betri hakikupelekwa Nyali. Kilipelekwa Owino Uhuru. Hiyo peke yake inawatosha kujua kwamba hapa tunazungumzia haki.

Na kwetu Waislamu hili halikuanza jana. Kanuni ya fiqhi tuliyosoma ni kwamba madhara huondolewa. Wanazuoni hawakuiacha hewani. Katika karne ya 14, kule Tunis, alikuwepo fundi mkuu wa ujenzi akiitwa Ibn al-Rami, aliyekuwa akitumwa na makadhi kukagua migogoro ya majirani. Aliandika kitabu cha hukumu za majengo, na ndani yake moshi wa mahamamu na matanuri, na harufu ya viwanda vya ngozi, vinahesabiwa kuwa madhara ambayo jirani anaweza kuyapeleka mbele ya kadhi. Kwa hivyo ukisimama kuutetea mtaa wako usiambiwe umeiga mambo ya Wazungu. Uko ndani ya dini yako.

Leo nataka tuzitazame kesi mbili za hapa Pwani. Zote wananchi wameshinda. Lakini ushindi wake haufanani, na ile tofauti ndiyo somo letu.

Ya kwanza ni Owino Uhuru yenyewe, pale Mikindani, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda hicho kilianza kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Betri kuukuu za magari zinavunjwa, madini ya risasi yanayeyushwa, moshi unatoka. Moshi uliingia majumbani, vumbi likatua kwenye mabati, maji machafu yakapita pale watoto wanapocheza. Na risasi ni sumu isiyo na haraka. Haikuangushi siku moja. Inaingia damuni, inakaa kwenye mifupa, na kwa mtoto inaharibu ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri mama mmoja, Phyllis Omido. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi mwilini. Akaiacha ile kazi, akaanza kubisha milango ya majirani. Watoto wengine wakapimwa. Barua zikaandikwa, watu wakaandamana, wengine wakakamatwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa fanyeni hesabu. Kutoka 2007 hadi 2024 ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikiwashwa, siku ya hukumu ya mwisho amebakisha mwaka mmoja achukue kitambulisho. Haki imepatikana, alhamdulillahi. Lakini hakuna hakimu anayeweza kuitoa risasi kwenye mifupa ya mtoto, na waliofariki hawarudi.

Ya pili ni Lamu. Palipangwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, karibu kilomita 20 kutoka mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Mtambo wa megawati 1,050. Makaa ya mawe yakichomwa hutoa chembe ndogo zinazopenya hadi ndani ya mapafu, hutoa gesi ya salfa, hutoa zebaki inayoishia baharini na ndani ya samaki. Na Lamu bila samaki ni nini?

Watu wa Lamu hawakungoja dohari isimame. Vikundi vya wavuvi, kina mama, vijana na wazee wakaungana chini ya mwavuli wa Save Lamu. Wakakaa barazani, wakaeleza kwa Kiswahili kile kilichofichwa kwenye kurasa nyingi za Kiingereza. NEMA ikatoa leseni 2016. Wao wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira kuipinga. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa.

Kwa nini ilifutwa? Hapa sikilizeni vizuri. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanywa ilikuwa ya utangulizi tu, kuutambulisha mradi. Utafiti ulipokamilika na madhara yakajulikana, hawakurudi kwa wananchi na ile ripoti wakauliza: haya ndiyo yaliyomo, mnasemaje? Mwenye mradi akakata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa. Mpaka leo hakuna mtoto wa Lamu aliyevuta hata pumzi moja ya moshi ule.

Mmeiona tofauti? Owino Uhuru walipigana wakiwa tayari wamo ndani ya moshi. Hawana lawama, maana hakuna aliyewaambia kiwanda kitatoa nini. Lamu waliwahi. Wenzetu wa Owino Uhuru wamelipa kwa damu ya watoto wao ili sisi tujifunze kuwahi.

Na sheria inaturuhusu kuwahi. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, na wala hulazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Yaani huhitaji kuleta maiti ndipo usikilizwe.

Najua mtakayoambiwa mkianza. Kwanza, mtaambiwa mnafukuza kazi. Hili tusilidharau, kwa sababu kijana aliyekaa maskani bila ajira ana haki ya kuuliza atakula nini. Lakini naye aulize maswali kamili. Ni kazi ngapi, za muda gani, na kwa nani? Ujenzi ukiisha nani anabaki? Na mvuvi ambaye samaki wake ana zebaki, kazi yake yeye imehesabiwa wapi? Sisi hatupingi viwanda. Tunapinga faida kwenda mtaa mmoja na kifua kubana mtaa mwingine.

Pili, mtatishwa. Mwaka 2018 Human Rights Watch na wenzao walitoa ripoti kuhusu wanaharakati wa mazingira wa Lamu: wako waliokamatwa, wako waliopigwa, na wako waliohusishwa na ugaidi kwa sababu tu walipinga miradi mikubwa. Hapo ndipo jibu la lile swali la mwanzo linapokamilika. Muislamu wa Pwani akiuliza kuhusu hewa, kuna anayemjibu kwa jina la gaidi. Dawa yake ni kutokwenda peke yako. Nendeni kundi, mchana, mkiwa na barua, na wakili akijua mko wapi. Na nendeni pamoja na jirani Mkristo, kwa sababu moshi haupigi hodi kuuliza dini. Owino Uhuru walishinda wakiwa mtaa mmoja, hawakugawanyika.

Sasa tukitoka hapa tunafanya nini?

Kila mtaa uwe na daftari. Tarehe, saa, moshi umetoka wapi, harufu gani, nani amekohoa, nani amepelekwa zahanati. Piga picha. Daftari la miezi sita lina nguvu mbele ya hakimu kuliko hasira ya miaka sita.

Soma matangazo. Mradi mkubwa ukifanyiwa tathmini ya mazingira, tangazo hutoka gazetini na kwa kawaida wananchi hupewa siku 30 kutoa maoni. Chagueni wawili wenye kazi hiyo tu, na kila Ijumaa watuambie wameona nini.

Omba karatasi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 kama ni jambo la uhai wa mtu. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri.

Hudhuria mkutano wa maoni. Usiseme ah, washaamua hao. Nenda, simama, sema, na uache pingamizi lako kwa maandishi. Ukitia sahihi orodha ya waliohudhuria kisha ukanyamaza, kesho orodha hiyo hiyo itaonyeshwa kwamba ulikubali. Na leseni ikitoka, siku 60 za kwenda kwenye Jopo zinaanza kuhesabiwa. Msizilalie.

Mwisho, tuanze nyumbani. Haifai tutoke kuandamana dhidi ya kiwanda huku nyuma ya msikiti tunachoma plastiki na mifuko. Moshi ule nao unaingia kwenye kifua cha mtoto wa jirani, na jirani ana haki juu yetu.

Vijana, kuna mradi unaopangwa leo mahali fulani, kwenye meza fulani, na kwenye ramani yake mtaa wako ni nafasi tupu. Wanategemea hutasoma tangazo. Wanategemea hutahudhuria. Fika.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye watoto wa Owino Uhuru, awahifadhi watu wa Lamu na bahari yao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuondoa madhara. Amin.

Wabillahi tawfiq. Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.