Pale Filamu Inapoishia: Katuni za Familia na Mafundisho ya Imani kwa Watoto

Ndugu makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu, mada hii ina dai moja. Filamu za katuni ambazo watoto wetu wanazijua kwa ghibu zinafaa sana kufundishia imani, ila njia tuliyoizoea ya kuzitumia ni dhaifu. Tumezoea kutafuta ndani ya filamu mhusika anayefanana na Kristo, kumwonyesha mtoto, kisha kufunga somo: katika The Lion King, Mufasa ni Mungu Baba, Scar ni shetani, Simba ni mimi na wewe. Mtoto anaitikia, anarudi nyumbani, na hajajifunza kitu ambacho hakukijua. Nadai kwamba somo zito limo pale filamu inapoishiwa, yaani pale inapouliza swali la kweli kuhusu maisha ya binadamu kisha ikalijibu kwa jibu lisilotosha. Hapo ndipo katekista ana la kusema.

Kanisa halikuanza jana kulifikiria jambo hili. Mwaka 1936 Papa Pio XI, katika waraka wake Vigilanti Cura, alionya kwa ukali juu ya sinema zinazoharibu maadili, lakini alikiri pia kwamba filamu njema ina uwezo mkubwa wa kulea. Pio XII aliliendeleza jambo hilo mwaka 1957, na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya mawasiliano. Kinachonivutia zaidi ni tukio dogo la mwaka 1995. Sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 katika mafungu matatu: dini, maadili na sanaa. The Wizard of Oz, filamu ya watoto, iliwekwa kwenye fungu la sanaa, na Fantasia ya Disney vilevile. Walioitunga orodha hawakuzilazimisha ziwe katekisimu. Waliziheshimu kwa kile zilicho. Naona hekima kubwa katika heshima hiyo, na hoja yangu yote inasimama juu yake.

Tuchukue The Lion King ya mwaka 1994, iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Mtoto anayejiandaa kuungama kwa mara ya kwanza huenda anaijua hadithi yake kuliko anavyozijua amri kumi. Mufasa anakufa nyumbu wanapotimka bondeni, na Scar, ambaye ndiye muuaji, anamwaminisha mtoto Simba kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo cha baba yake, kisha anamwambia akimbie asirudi tena. Simba anakimbia, anaokolewa na Timon na Pumbaa, na anakulia katika maisha ya kutojali lolote. Hadi hapo filamu imeieleza hatia vizuri kuliko kurasa nyingi za vitabu vyetu vya mafundisho: hatia humtenga mtu na watu wake, humnyamazisha anapoulizwa alikotoka, na starehe ya kujisahaulisha haimponyi. Kisha nyani aitwaye Rafiki anamtafuta, anamkumbusha ni mwana wa nani, naye anarudi. Anasimama mbele ya simba wote na kukiri kwamba alisababisha kifo cha baba yake. Hilo ni ungamo hasa, tena gumu, kwa sababu halimpi faida yoyote. Lakini tazameni linavyotatuliwa. Scar ananong'ona siri yake, Simba anamlazimisha kuitamka kwa sauti, na inabainika kwamba Simba hakumuua baba yake. Anawekwa huru kwa kuonekana hana kosa.

Mtoto wetu aliyeiba fedha kwenye pochi ya mama, au aliyemsingizia mwenzake darasani hadi akaadhibiwa, ana kosa kweli. Hakuna Scar atakayejitokeza dakika ya mwisho kulibeba. Kwa mtoto huyo filamu haina neno, na yeye mwenyewe anaweza kuligundua hilo akiulizwa swali moja tu: ingekuwaje kama kweli Simba ndiye aliyemuua baba yake? Swali hilo likishaulizwa, sura ya 15 ya Injili ya Luka inaingia bila kusukumwa. Mwana mpotevu naye aliondoka nyumbani, naye aliishi mbali, naye alirudi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na hatia tangu mwanzo hadi mwisho, na hata hivyo alivikwa joho, pete na viatu. Majuto, maungamo na malipizi, ambayo mtoto huyakariri kama orodha, sasa yana mahali pa kukaa. Sakramenti ya Kitubio haimwambii mtu kwamba hakukosa. Inamwambia kwamba amesamehewa, na mtoto aliyeona tofauti kati ya kauli hizo mbili amefika ndani kabisa ya imani yetu.

Wapo watakaosema kwamba hii ni falsafa ya wakubwa. Nawaelekeza kwa nabii Nathani. Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, anamsimulia Daudi kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Kisa chenyewe hakina Mungu, hakina toba, hakina msamaha, na kinaishia kwenye dhuluma. Kazi yake ilikuwa kumwamsha Daudi. Habari ya dhambi na ya rehema ilikuja baada ya kisa, kinywani mwa nabii. Nathani hakukipaka kisa rangi ya dini. Alikiacha kifanye kazi yake, kisha akafanya ya kwake.

Mfano wa pili ni Coco ya mwaka 2017, inayohusu sikukuu ya wafu huko Mexico. Humo Héctor yuko hatarini kutoweka kabisa kwa kuwa binti yake, ambaye sasa ni bibi kizee, anaanza kumsahau. Msomaji wa John Mbiti atashtuka kwa mfanano huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alieleza kwamba marehemu huendelea kuwa karibu na jamaa maadamu yupo aliyemjua na kumkumbuka kwa jina. Basi filamu ya Wamarekani kuhusu Wameksiko imegusa jambo ambalo bibi zetu walilijua. Katekista asilipuuze wala asiharakishe kulisahihisha. Kwanza akubali kwamba kuwakumbuka wafu ni wajibu wa upendo. Baadaye aulize: na yule aliyekufa bila mtoto, bila picha, bila wa kumtaja? Kanisa linaposali tarehe 2 Novemba linawaombea marehemu wote, pamoja na wasio na mtu, kwa sababu uhai wao unashikwa na Mungu asiyesahau.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito zaidi linatoka kwa wazazi wanaoona uchawi: Rafiki na vibuyu vyake, Elsa wa Frozen na nguvu zake za barafu. Hofu hiyo si ya kuchekwa mahali ambapo watu wameumizwa kweli kwa tuhuma na vitendo vya ushirikina. Nguvu za Elsa amezaliwa nazo, na filamu haimwelekezi mtoto kwa mganga. Hata hivyo, mzazi akikataa, asikilizwe na filamu iachwe. Pingamizi jingine ni kwamba tunamfundisha mtoto kutafuta kasoro katika kazi za watu. Litakuwa kweli tukianza na kasoro. Ndiyo maana nasisitiza kwamba theluthi mbili za kipindi ziende kwenye kile filamu ilichokiona sawasawa.

Ama umeme, mashine ya kuonyeshea na haki za watengenezaji, hayo yasitukwamishe. Watoto wengi wameshaiona filamu, na kuisimulia hakuhitaji skrini wala kibali. Hata pale panapoonyeshwa kipande kwa ruhusa, tuna utamaduni wa kutufaa: mabanda yetu ya video yamelea watazamaji waliozoea sauti ya mtu wa kwao ikiingilia kati, kama ya DJ Afro nchini Kenya. Mtoto wa hapa haoni ajabu katekista akisimamisha picha na kuuliza. Napendekeza kila parokia iliyowakilishwa hapa ichague filamu moja na sakramenti moja kabla ya Kwaresima, na walimu waliandike swali lao kwanza, ndipo watafute tukio la filamu linaloliibua.