Kabla ya Kupanda Samaki Ziwani
Maneno ya Idara ya Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili



Katika mpango kazi mliogawiwa kuna kifungu cha kupanda samaki katika ziwa la mlimani. Tulikiandika sisi wenyewe, na leo tunaomba kifutwe. Tunajua baadhi ya sharika zimekwisha kuchangia, kwa hiyo mna haki ya kuelezwa sababu.

Tumejifunza kutokana na yaliyotokea Marekani, katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California. Maziwa mengi ya juu kule hayakuwa na samaki tangu asili, kwani maporomoko ya maji yaliwazuia kupanda. Kuanzia karne ya 19 watu wakapeleka samaki aina ya trauti, kwanza kwa wanyama wa mizigo, baadaye wakiwamwaga kutoka kwenye ndege. Nia ilikuwa njema, wavuvi wapate samaki. Lakini ziwani kulikuwa na mwenyeji, chura wa mlimani mwenye miguu ya njano. Viluwiluwi wake huchukua miaka 2 hadi 4 kukomaa, hivyo hulazimika kupitisha majira ya baridi kwenye kina ambacho maji hayagandi. Humo ndimo trauti nao hukaa. Wakaliwa. Wadudu wa majini nao wakapungua, na ndege wanaowategemea wakawa wachache kwenye maziwa yenye samaki.

Watafiti wakaanza kuwatoa trauti kwa nyavu za makila, nyingine zikiachwa chini ya barafu majira yote ya baridi. Mwaka 2004 mtafiti Vance Vredenburg alichapisha matokeo ya maziwa 5: trauti walipoondolewa vyura waliongezeka upesi, na pale samaki walipokwisha kabisa walifikia wingi wa vyura wa maziwa yasiyowahi kuwa na samaki. Hata hivyo si yote yaliyopona. Ugonjwa wa kuvu umeua vyura wengi hata pasipo na samaki, na mwaka 2014 serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kumwaga ndoo ya vifaranga ni kazi ya asubuhi moja. Kuwatoa ni kazi ya miaka.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza, je, mtoto mwenye utapiamlo atakula chura? Swali lake ni la haki, na hatukucheka. Watoto wetu wanahitaji samaki. Ndiyo maana tunapendekeza perege wafugwe kwenye mabwawa ya kuchimba, huku chini karibu na kaya, mbali na mito na maji ya ziwa. Ziwa lenyewe hatujawahi kulichunguza. Tulitazama uzuri wake tukaandika bajeti.

Fedha iliyochangwa haijaguswa. Tunaomba kila kamati, pamoja na wafadhili, mtujibu kwa maandishi kama mnakubali ihamishiwe kwenye mabwawa, au mnataka irudishwe.