Aliyejenga barabara na anayepita juu yake



Mji wetu wa Butembo haukungoja Kinshasa. Tangu wakati wa Mobutu wafanyabiashara wakubwa walichanga pesa, barabara zikatengenezwa. Bila wao tungekwama kwenye matope, na mimi nawashukuru.

Lakini tuseme yote. Kati ya 1999 na 2003, RCD-K/ML ilipotawala hapa, baadhi yao waliilipa ushuru mapema, nao wakapunguziwa kodi ya mizigo iliyopita mpaka wa Kasindi. Pesa hizo zililisha utawala wenye askari. Ndivyo mwenye duka alivyoanza kusikilizwa kabla ya raia, na zoea la namna hiyo halitoki kwa siku moja.

Mama anayeuza fungu la viazi sokoni hakupunguziwa kitu. Yeye analipa kila siku, tena bila risiti wakati mwingine! Akiuliza barabara ipi itengenezwe kwanza, anajibiwa kwamba wenye malori wameshaamua.

Basi, tunaomba wakubwa wa mji: mkutano ujao wa barabara uwe na mama wa soko ndani, na hesabu isomwe mbele ya wote, kwa Kinande na Kiswahili.