Albamu Moja kwa Miaka 25
Maneno ya wanakwaya siku ya jubilii





Kamati ya jubilii ilitupa kazi iliyoonekana ndogo. Kwa kuwa tumeimba nyimbo za Rose Muhando kuliko za mtunzi mwingine yeyote aliye hai, tuchague albamu yake moja iliyo bora, tuimbe wimbo wa humo leo, kisha tueleze kwa nini tumechagua hiyo. Tulidhani tutamaliza kabla ya chai. Kazi ilituchukua Jumamosi tatu, na Jumamosi ya pili tuliachana bila hata kufunga kwa maombi.

Besi walisimama na Kitimutimu. Walisema hiyo ndiyo iliyofanya hata wazee wa viti vya mbele watikise bega. Vijana wa vyombo walitaka Utamu wa Yesu, kwa sababu kila chombo kinasikika mahali pake. Wawili watatu walitaja Jipange Sasa. Lakini sauti ya kwanza na ya pili hawakutaka kusikia lolote isipokuwa Mteule Uwe Macho ya mwaka 2004. Ndiyo ile kanda tuliyonunua River Road, tukaicheza hadi utepe ukajikunja, tukaurudisha kwa kalamu.

Mmoja wetu akasema tutazame tuzo. Januari 2005, katika tuzo za muziki wa injili za Tanzania, Rose alitajwa mtunzi bora, mwimbaji bora na mwenye albamu bora, na albamu yenyewe ni hiyo ya Mteule. Vijana wakajibu kwamba kama ni ukubwa, Sony Music walitia saini naye mkataba mwaka 2012, miaka mingi baadaye. Tukaona kwamba tuzo na mikataba haitatusaidia. Hivyo ni vipimo vya wengine.

Ndipo mwalimu wetu akafunga kinanda na kutuuliza maswali matatu. Umeme ukipotea, ni albamu gani tunaweza kuiimba bila chombo chochote? Ni ipi tumeibeba wodini? Na ni ipi iliyotubadilisha?

Swali la kwanza halikuchukua muda. Tulizima kila kitu, tukajaribu. Nyimbo za Mteule zilisimama zenyewe: mmoja anaita, kundi linajibu, na asiyejua ubeti anajua pa kuingia. Wala si ajabu. Kabla ya kujulikana, Rose alikuwa mwalimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria katika kanisa la Anglikana la Chimuli, Dodoma. Alitunga kama mtu anayejua kwamba wapo watakaochelewa mazoezi.

Swali la pili tunalijua kwa miguu. Hapa Upper Hill, jirani yetu mkubwa ni Hospitali ya Kenyatta. Tulipoanza, bado kulikuwa na nyumba nyingi za zamani zenye bustani. Leo tunafanya mazoezi chini ya majengo marefu, na kelele za ujenzi zinatupa mdundo tusiouomba. Hospitali haijahama, na sisi hatujaacha kwenda. Wodini hakuna spika wala kucheza. Muuguzi anakuambia uimbe polepole, na wimbo ulio hai kwa sababu ya ngoma tu unafia mlangoni. Nyimbo za kanda ile hazikufa. Tunakumbuka mgonjwa mmoja ambaye hakuwa amezungumza siku nzima. Kiitikio kilipofika, alikigonga kwa kidole kwenye chuma cha kitanda, na hakukosea hata mara moja.

Swali la tatu ndilo lililotunyamazisha.

Kabla ya kanda ile tuliimba kutoka vitabuni, tumesimama wima kama walinzi. Tulidhani kutunga ni kazi ya watu wa ng'ambo waliokufa zamani. Tuliposikia kwamba sauti ile ya kukwaruza ni ya mwalimu wa kwaya kama huyu wetu, dada mmoja wa sauti ya pili alinunua daftari. Kutoka daftari hilo zilitoka nyimbo zote za kanda yetu ya kwanza. Mlizinunua, mkazicheza harusini na matangani. Na juu ya jalada tuliandika: nyimbo zote zimetungwa na kwaya.

Kwaya haikutunga. Alitunga yeye, usiku, watoto wakiwa wamelala. Hakulalamika, nasi tukaita kimya chake unyenyekevu ili tusione aibu.

Rose mwenyewe tulimtendea vivyo hivyo. Tuliimba nyimbo zake madhabahuni miaka mingi bila kutaja jina lake. Kisha mwishoni mwa 2018, video yake akiombewa ilipoenea hapa Nairobi, baadhi yetu tuliisambaza kwa simu kabla ya kupiga magoti. Siku hiyo jina lake tulilikumbuka haraka. Mungu atusamehe. Tunamshukuru Bwana kwamba alimwinua tena, na anaimba.

Basi tumechagua Mteule Uwe Macho. Besi wamekubali, ingawa wameomba iandikwe kwamba bado wanaipenda Kitimutimu. Tumeandika.

Na kuanzia leo tumekubaliana mambo mawili. Kila wimbo utakaoimbwa na kwaya hii utatangazwa pamoja na jina la mtunzi wake. Na kanda ile ya kwanza, tutakapoirekodi upya, itabeba jina la dada yetu, naye atapata sehemu yake ya mauzo kabla ya sare na kabla ya vyombo. Jina lake tayari limechapishwa kwenye orodha ya nyimbo katika kijitabu hiki. Ameketi safu ya pili, na hakujua tungesema haya.

Dada, tusamehe. Tafadhali simama, kanisa likuone. Kisha shuka hapa mbele, uanzishe wimbo. Sisi tutaitikia.