Kompyuta mikononi mwa wapelelezi

Tarehe 1 Machi mwaka 2008, majeshi ya Colombia yalishambulia kambi ya waasi wa FARC iliyokuwa ndani ya mpaka wa Ecuador na kumuua kiongozi wao mmoja, Raúl Reyes. Kambini humo zilipatikana kompyuta 3 za mkononi, diski 2 za nje na flashi 3. Colombia ilisema vifaa hivyo vilihifadhi siri za uhusiano wa waasi na serikali za nchi jirani. Venezuela ilikanusha.

Colombia ililiomba shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, livichunguze. Ripoti ya mwezi Mei mwaka huo ilisema hapakuonekana dalili kwamba mafaili ya watumiaji yaliundwa, yalibadilishwa au yalifutwa baada ya kukamatwa. Hata hivyo, ilieleza kwamba kati ya tarehe 1 na 3 Machi vifaa hivyo vilifunguliwa kinyume cha kanuni zinazokubalika kimataifa.

Je, kuna ubaya gani kuiwasha kompyuta na kutazama kilichomo? Ubaya ni kwamba kila iwashwapo, kompyuta hujiandikia tarehe mpya na kugusa mamia ya mafaili yake yenyewe. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo ili kuuliza: nani alikigusa kifaa hiki, na aliongeza nini?

Ndiyo maana kifaa kilichokutwa kimezimwa hakiwashwi. Mtaalamu huchukua nakala kamili kwa kutumia chombo kinachozuia chochote kisiandikwe kwenye diski ya asili. Uchunguzi hufanywa kwenye nakala, na asili hutiwa lakiri. Programu maalumu hukokotoa namba ya utambulisho wa yaliyomo. Ikibadilika herufi moja tu, namba nayo hubadilika. Aidha, kila anayekipokea kifaa huandika jina lake, saa na sababu.

Lakini utaalamu pekee hautoshi. Mwezi Mei mwaka 2011, Mahakama Kuu Kabisa ya Colombia ilikataa kuupokea ushahidi huo, kwa kuwa ulikusanywa katika ardhi ya nchi nyingine na wanajeshi wasiokuwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo. Mafaili yaliyosalimika mbele ya wataalamu hayakusalimika mbele ya majaji. Hatima ya ushahidi iliamuliwa siku ile ile ulipookotwa.