Kuhamisha Muziki Kutoka CD: Yampasayo Mtumiaji Kuyajua



Nyumba nyingi bado zina CD kabatini: taarabu, dansi, kaswida, mahubiri, pengine hata sauti za harusi ya wazazi. Kompyuta nyingi mpya hazina tena sehemu ya kusomea CD, hivyo watu huzipeleka dukani ili nyimbo zihamishiwe kwenye flashi au simu. Leo tunaeleza mambo ya kuangalia kabla hujalipa, na hasa kabla hujaitupa CD yenyewe.

Kwanza, tuelewe kilichomo. CD ya muziki huhifadhi sauti kwa tarakimu: vipimo 44,100 kila sekunde, kila kimoja cha biti 16, kwa mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Jumla ni takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Saa moja ya muziki huchukua megabaiti 600 na ushei.

Pili, tutofautishe aina za faili. WAV huweka kila kipimo kama kilivyo. FLAC hubana bila kupoteza kitu: faili hupungua, mara nyingi hadi nusu au theluthi mbili ya ukubwa wa awali, na ikichezwa sauti hurudi vilevile. Ni kama nguo iliyokunjwa vizuri sandukuni: nafasi imepungua, lakini hakuna uzi uliokatwa. MP3 na AAC hufanya kazi kwa njia nyingine. Hizi hutupa sehemu za sauti ambazo sikio huzitambua kwa shida, na kilichotupwa hakirudi. MP3 ya kilobiti 128 huchukua karibu megabaiti 1 kwa dakika. Ya 320 huchukua megabaiti 2.4. Kwa 320, wasikilizaji wengi hawaoni tofauti na CD. Kwa 128, makofi na matoazi huweza kusikika yamefifia au yanakwaruza.

Hapa ndipo mtumiaji hupunjwa. Mtoa huduma asiye mwaminifu huweza kuchukua MP3 ya 128 aliyonayo tayari, akaigeuza kuwa ya 320 au FLAC, kisha akatoza bei ya ubora wa juu. Faili huongezeka ukubwa, ilhali sauti haiongezeki ubora hata chembe. Kwa hiyo ukubwa wa faili peke yake si ushahidi.

Tunashauri yafuatayo:

1. Taka nyimbo zisomwe kutoka CD yako, nawe ukishuhudia.

2. Chagua FLAC kwa hifadhi ya kudumu. Kutokana nayo utaweza kutengeneza MP3 za simu wakati wowote. Kuigeuza MP3 kuwa FLAC hakurudishi kilichokwisha kutupwa.

3. Omba programu iwekwe katika usomaji makini, unaorudia kusoma sehemu zenye mikwaruzo. Usomaji wa haraka huweza kuficha makosa, nawe ukayagundua baadaye kwa mruko au mlio wa ghafla.

4. Futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Usiandike kwa kalamu yenye ncha kali upande wa juu, kwani tabaka la kumbukumbu liko chini kidogo tu ya maandishi hayo.

5. Dai risiti inayotaja aina ya faili na kiwango cha kilobiti.

6. Sikiliza nyimbo kadhaa, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuondoka.

Tukumbushe pia kwamba kumiliki CD si kumiliki hakimiliki ya kazi iliyomo. Usiuze nakala zake.

Mwisho, itunzeni CD hata baada ya kuihamisha, na wekeni nakala ya pili ya faili mahali pengine, kwa kuwa flashi nayo huharibika. Wimbo uliopo madukani huweza kununuliwa tena. Sauti ya bibi iliyorekodiwa mara moja tu hainunuliki.