Boris Arkadyev na Timu ya Maluteni

Katika historia ya kandanda ya Urusi ni makocha wachache waliopata heshima kama Boris Arkadyev, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1899 na kufariki mwaka 1986. Alikuwa mtu wa vitabu, mpole wa kauli, na kabla ya kuwa kocha mashuhuri alifundisha pia mchezo wa vitara.

Mwaka 1940 aliiongoza Dynamo ya Moscow, timu ya polisi na vikosi vya usalama, kutwaa ubingwa wa Urusi ya Kisovieti. Aliwafundisha washambuliaji wake kubadilishana nafasi uwanjani, hata walinzi wa timu pinzani wasijue wamkabe nani. Mwaka 1944 alihamia CDKA, timu ya jeshi. Chini yake timu hiyo ilitwaa ubingwa mara 5, katika miaka ya 1946, 1947, 1948, 1950 na 1951, na Kombe la taifa mara 3. Wananchi, ambao ndio kwanza walikuwa wametoka katika dhiki ya vita, waliipenda mno, wakaiita Timu ya Maluteni.

Mwaka 1948 ubingwa uliamuliwa na mchezo wa mwisho, Jeshi dhidi ya Dynamo. Mlinzi wa Jeshi, Kochetkov, alijifunga mwenyewe, na mchezo ukawa mabao 2 kwa 2. Sare isingeifaa timu yake. Lakini katika dakika za mwisho Vsevolod Bobrov alifunga bao la tatu, na kombe likabaki jeshini.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1952, Arkadyev alipoiongoza timu ya taifa katika Michezo ya Olimpiki nchini Finland. Ilikutana na Yugoslavia, nchi ambayo kiongozi wake, Tito, alikuwa amefarakana na Stalin tangu mwaka 1948. Warusi walikuwa nyuma kwa mabao 5 kwa 1, wakapigana kiume hadi wakasawazisha 5 kwa 5, Bobrov akifunga 3. Mchezo uliporudiwa, walishindwa 3 kwa 1.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Mwezi wa Agosti timu ya jeshi ilivunjwa, na Arkadyev akavuliwa heshima yake ya michezo. Ikumbukwe kwamba wachezaji kadhaa wa timu hiyo ya taifa, Bobrov akiwamo, walitoka vilabu vingine. Hivyo adhabu iliwaangukia hata maluteni ambao hawakucheza mchezo huo.

Stalin alifariki mwaka 1953. Timu ya jeshi ilirejeshwa mwaka 1954, na mwaka uliofuata Arkadyev akarudishiwa heshima yake. Yeye hakuwa amekaa kusubiri. Aliwafundisha Lokomotiv, timu ya wafanyakazi wa reli, wakatwaa Kombe mwaka 1957. Kisha akaitwa tena na jeshi.

Kila mwenye kuvaa sare anajua kwamba kushindwa ni sehemu ya mapambano, na kwamba nidhamu haidumu pasipo haki. Amri moja ilitosha kuivunja timu, lakini haikutosha kuyafuta mapenzi ya watu kwa kocha wao. Anayetoa adhabu hana budi kupima kwanza kosa ni la nani.